Ukingo wa granaiti na marumaru ukileta shida: anza na dalili, grainda baadaye

Uso wa slabu, lile bapa kubwa la jiwe, hutoka kiwandani ukiwa umeshang'arishwa kwa mashine nzito. Ukingo hauna bahati hiyo. Unakatwa saitini Njiro au kwenye karakana ya mtaa wa Unga Limited kwa mashine ya mkononi, mara nyingi umeme ukiwa hafifu na mteja amesimama mlangoni anauliza kazi inaisha lini. Ndiyo maana malalamiko mengi ya kaunta, ngazi na vizingiti vya madirisha huku Arusha na Moshi yanahusu ile sentimita 2 ya pembeni.

Na tunavyotibu ndivyo tunavyozidisha. Ukingo ukififia, grainda. Ukimeguka, grainda. Ukitoka weupe, grainda tena. Kumbe shida nyingine hazitibiki kabisa kwa kusaga, na nyingine zinazidi. Hapa tutakwenda kwa dalili: unachokiona, namna ya kupima ujue chanzo, halafu dawa. Nawaandikia mafundi wenzangu, lakini mwenye nyumba naye anaweza kufuata, kwa kuwa vipimo vingi vinahitaji maji, kitambaa na tochi ya simu tu.

Kwanza litambue jiwe

Usitegemee jina ulilotajiwa dukani. Chukua kisu cha kawaida, kwaruza sehemu ya chini ya slabu, ile isiyoonekana. Marumaru, mawe ya chokaa na travatini hukwaruzika kirahisi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yako kwenye 3 hivi. Granaiti iko kati ya 6 na 7, hivyo kisu kitaacha mstari wa chuma unaofutika kwa kidole. Halafu dondoshea tone la limao hapohapo chini. Likitoa vipovu, au ukilifuta baada ya dakika chache ukakuta doa lililofifia, jiwe hilo lina chokaa na asidi ni adui yake. Vipimo hivyo viwili vitakuambia uanzie namba gani ya pedi ya kusagia (namba ndogo hukwangua zaidi, kubwa hung'arisha), na umwonye mwenye nyumba kuhusu nini.

Jiwe jeusi lina mambo yake. Tunachouziwa kama granaiti nyeusi, kwa wanajiolojia mara nyingi ni gabro au dolerite, mawe yenye kwazi kidogo sana, yale madini magumu yaliyojaa kwenye granaiti. Yanang'aa vizuri mno yakitendewa haki, lakini ndiyo yanayoongoza kwa malalamiko ya kwanza kabisa.

Juu ni nyeusi ti, pembeni kama majivu

Mama mwenye nyumba anakuita jikoni, anapitisha kidole kwenye ukingo wa kaunta: "Fundi, mbona huku pembeni kama pamepakwa majivu?" Usijibu haraka, na usiwashe mashine. Mwambie, "Mama, naomba kitambaa chenye maji kidogo." Lowanisha ukingo kwa urefu wa sentimita 30 hivi, inama macho yawe usawa wa kaunta, mulika tochi kutoka ubavuni. Tazama ukiwa umelowa, subiri ukauke, tazama tena.

Ukilowa ukawa mweusi sawasawa na uso, kisha ukikauka ukarudia ujivu, tatizo ni mikwaruzo. Jiwe lenyewe lina rangi inayotakiwa, ila mikwaruzo midogo inatawanya mwanga, na maji yameiziba kwa muda tu. Ung'arishaji haujakamilika. Hii ni habari njema, maana inatibika.

Ukilowa na bado ukabaki mpauko kuliko uso, basi uso ndio wenye siri. Ziko slabu zinazopakwa rangi, nta au mafuta ili zionekane nyeusi kuliko zilivyo. Tia asetoni kwenye kitambaa cheupe (ile dawa ya kutolea rangi ya kucha inafaa, mradi iwe na asetoni), usugue uso mahali palipojificha. Kitambaa kikitoka na weusi, umeshapata jibu: hakuna namba ya pedi itakayoleta weusi ambao haumo ndani ya jiwe. Kilichobaki ni kupaka ukingo dawa ya kukoleza rangi ya mawe au nta nyeusi ya mawe, na kumweleza mwenye nyumba wazi kwamba itahitaji kurudiwa kila inapopauka. Natamani kila fundi angekwenda na kitambaa cheupe na asetoni siku ya kununua slabu, kwa sababu dukani bado unaweza kukataa mzigo. Ukishakatwa ni wako.

Kuna hali ya tatu, ya katikati. Slabu nyingi za granaiti hupakwa resini, kimiminika kinachokauka kikawa kigumu, usoni kiwandani ili izibe nyufa ndogo na vishimo. Ukingo uliokatwa saitini haukupata resini hiyo, kwa hiyo unang'aa lakini ukiutazama kwa karibu una vidoti vingi kama umedungwa sindano. Dawa yake ni kuusaga hadi namba 200, kuukausha kabisa, kupaka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) nyembamba ipenye, kuiacha ikauke, kisha kuendelea na pedi kuanzia hiyohiyo 200.

Sasa turudi kwenye mikwaruzo, maana ndiyo kesi za kila siku. Mfululizo wa pedi za almasi ni 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, na mwisho pedi ya kumalizia. Kila pedi ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Mkwaruzo wa namba 50 ambao 100 haikuufuta, 200 itaupita, 400 itaupita, na ukifika 3000 utaonekana waziwazi kwa sababu sasa kila kilichouzunguka kinang'aa. Fundi akiuona, anarudia 3000 kwa nusu saa. Haitasaidia. Rudi 100.

Namna ya kujihakikishia: kabla ya kila pedi, piga mistari ya kalamu ya nta kukatisha ukingo, juu hadi chini, kila baada ya sentimita 5. Saga mpaka mistari yote iishe. Ikibaki mahali, pedi haikupagusa, na mara nyingi ni ukanda mwembamba wa juu kabisa au wa chini kabisa, kwa kuwa mkono hupenda kukaa katikati. Ikiisha, safisha tope lote la jiwe, kausha, mulika kutoka ubavuni. Tope lililokauka linaficha mikwaruzo vizuri sana. Usikague ukingo mchafu. Suuza pia ndoo na mikono kabla ya kubadilisha pedi, maana punje moja ya namba 50 iliyonasa chini ya pedi ya 800 inatosha kuharibu kazi.

Chanzo kingine ni mwendo wa mashine. Grainda ndogo ya kawaida, ya diski ya inchi 4, huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Pedi za resini za ukubwa huo kwa kawaida zina kikomo cha 4,000 na kitu tu. Namba imeandikwa mgongoni mwa pedi, isome. Ukizidisha, resini inayoshika almasi inayeyuka na kujipaka kwenye jiwe. Dalili yake ni ukingo wenye mabaka ya utelezi, mengine yenye rangi ya pedi yenyewe, na harufu ya plastiki iliyoungua wakati wa kazi. Watu huyachukua mabaka hayo kuwa mng'ao, mpaka yanapoanza kufifia kwa kusuguliwa na sabuni ya jikoni. Rudi hatua mbili nyuma kwa mashine yenye kidhibiti cha mwendo, na maji yakitiririka muda wote.

Kwenye marumaru nyeupe, angalia rangi ya pedi. Nyekundu na njano zinaweza kuingiza rangi kwenye jiwe jeupe likabaki na kivuli cha waridi kisichotoka. Tumia pedi nyeupe. Pedi nyeusi ya kumalizia iwe ya mawe meusi pekee. Na marumaru haihitaji ukali wote wa granaiti. Kama mkato ulitoka safi, anzia 100 au 200, nenda hadi 800 au 1500, kisha malizia kwa unga wa kung'arishia wenye asidi ya oksaliki na kitambaa kigumu cha sufu, maji kidogo, na suuza vizuri.

Ukingo unameguka wakati wa kukata

Usitazame ukubwa wa vimego peke yake, tazama vimekaaje. Mpangilio wake unasema chanzo.

Vikiwa vimejipanga kwa umbali unaofanana, diski inayumba. Fungua, safisha tope lililokauka kati ya diski na vibano vyake, angalia kama beringi imekwisha. Vikiwa mwisho wa mkato tu, kipande kinachokatwa hakikushikiliwa na kilianguka kwa uzito wake kabla mkato haujaisha; tegemeza pande zote mbili, na anza kwa kukata sentimita chache kutoka ule mwisho wa pili. Vikiwa upande wa uso kwa urefu wote, meno ya diski yanatokea usoni badala ya kuingilia usoni. Jino linaloingia linakandamiza punje za jiwe, linalotoka linazing'oa. Mashine ya mezani huingilia juu, kwa hiyo uso utazame juu. Kwa mashine ya mkononi soma mshale wa mzunguko, na kama meno yanapanda juu, geuza slabu uso chini.

Vimego vikiwa kila mahali bila mpangilio, diski haifai au imekufa. Diski ya zege yenye mapengo haifai kwa ukingo utakaoonekana. Tumia yenye ukingo mzima. Diski inayosukumwa kwa nguvu na haikati, almasi zake zimefunikwa: kata tofali la saruji mara chache, zitatokeza upya. Na usisahau umeme. Waya wa kuongezea ukiwa mrefu na mwembamba, tena jioni watu wote wanapopika, mashine inapungua mwendo chini ya mzigo, fundi anakandamiza zaidi, na jiwe linajibu kwa kumeguka. Tumia waya mnene na mfupi, au panga mikato ya kuonekana iwe asubuhi.

Kwa jiwe lenye punje kubwa au la bei, bandika tepu ya karatasi kwenye mstari, kata kwanza mfereji wa kina cha milimita 2 au 3 kutoka usoni, taratibu, ndipo ukate moja kwa moja.

Kuhusu vumbi, mniruhusu nisisitize. Granaiti ya kweli ina kwazi nyingi, mara nyingi robo ya jiwe au zaidi. Kuikata kikavu kunatoa vumbi la silika, jembamba kiasi cha kutoonekana, linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na aliye nayo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa usoni hakizuii vumbi hilo. Kata kwa maji, vaa barakoa ya chembechembe inayobana pua, na mashine ya maji iunganishwe kwenye swichi inayojizima umeme unapovuja. Kijana anayekushikia mpira wa maji naye apewe barakoa.

Ulikuwa mzuri siku ya kukabidhi, baada ya wiki umemeguka

Hapa karibu kila mara chanzo ni makali. Ukingo ulioachwa na pembe kali ya digrii 90 hauwezi kustahimili sufuria ya ugali inayogonga kaunta kila siku. Vunja makali ya juu na ya chini kwa milimita 1.5 hadi 2, kwa pedi ileile, kila namba. Hata mteja anayetaka mwonekano wa mraba hataona tofauti, ila vidole vyake na jiwe vitaona.

Ukingo uliokatwa digrii 45 ili slabu mbili zikutane kama boksi unaumia zaidi, kwa kuwa umefanywa mwembamba kama wembe. Usikate hadi wembe. Acha bapa ya milimita 1 hivi, unganisha kwa epoksi yenye rangi ya jiwe, kisha vunja makali ya kona baada ya gundi kukauka. Kwenye ngazi, mtindo huo nashauri uachwe kabisa. Viatu na ndoo havina huruma.

Kipande kilichoruka kikipatikana, kisitupwe. Waambie wenye nyumba wakiweke kwenye bahasha. Kikirudishwa na gundi nyembamba ya kukauka haraka, mshono hauonekani kama unavyoonekana ujazo. Kama kimepotea, changanya epoksi na unga wa jiwe lenyewe uliosagwa kutoka sehemu ya chini, jaza kupita kiasi kidogo, ikikauka kwangua kwa wembe hadi usawa, malizia kuanzia namba 400.

Ukingo wa mviringo kamili ndio unaovumilia kugongwa kuliko yote. Ubaya wake ni mmoja: maji ya sinki yanauzunguka na kwenda kudondokea kwenye mbao za kabati. Kabati likivimba chini ya kaunta ya mviringo, chanzo ni hicho. Ukingo ulioviringwa juu na kubaki bapa chini unaacha maji yadondoke. Kwenye vizingiti vya madirisha vya nje, kata kijifereji cha milimita 3 upande wa chini, sentimita 1 au 2 kutoka ukingoni, ukuta hautachirizika masika.

Unang'aa lakini una mawimbi

Simama mwisho wa kaunta, tazama taa ya mrija inavyojiakisi kwenye ukingo. Ikipinda-pinda, ukingo una mawimbi. Yanatokea kwenye namba 50, fundi anapokaa sehemu moja kuondoa alama ya diski, au anapotumia kishikio laini cha pedi. Kuongeza mng'ao kunayaonyesha zaidi. Weka ruli ya alumini, weka alama penye vilima, rudi 50 kwa kishikio kigumu, mwendo mrefu wa mkono usiosimama. Hakuna njia ya mkato hapo.

Mstari wa gundi unaonekana, au kipande kimebanduka

Ukingo mnene wa sentimita 4 kwa kawaida ni slabu mbili za sentimita 2 zilizogundishwa. Kipande kikianguka, kigeuze usome gundi.

Gundi ikiwa imebaki ngumu, laini, na ina utando wa unga wa jiwe, ilishika vumbi, haikushika jiwe. Nyuso hazikusafishwa, au zilikuwa na unyevu kutoka kukatwa na maji muda mfupi kabla. Gundi ikiwa bado inaingia ukucha, kigumishi kilikuwa kidogo au baridi ilikizuia. Jiwe lenyewe likiwa limechanika na gundi ikiwa imeng'ang'ania pande zote, gundi haina kosa. Jiwe lilipigwa au lina ufa wa asili.

Hali ya hewa yetu inaingia hapa moja kwa moja. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti slabu iliyolala nje inakuwa baridi sana kuliko hewa unayoihisi saa nne. Gundi ya poliesta, ambayo kwa kawaida inataka kigumishi asilimia 2 hadi 3, inachelewa mno, na ukibana na kuondoka mapema kipande kinateleza. Ukishuka Moshi, chini ya mita 1,000, Januari au Februari, mchanganyiko huohuo unagandia kwenye mwiko kabla hujamaliza kupaka. Usirekebishe kwa kumimina kigumishi kwa kukisia. Kikizidi, gundi inakuwa kavu ya kuvunjika na inageuka njano. Arusha anika slabu juani kwanza ipate joto hadi ndani. Moshi fanya kazi kivulini, changanya kidogokidogo.

Kwa nje, na popote penye unyevu wa kudumu, achana na poliesta, tumia epoksi. Jua na maji huilegeza poliesta kwenye mshono na mstari unafunguka wenyewe.

Mstari unaoonekana bila kubanduka unatokana na gundi nene au rangi isiyolingana. Nyuso zote mbili zisagwe bapa, zibanwe hadi gundi ichuruzike kote, na rangi ijaribiwe kwenye kipande cha pembeni kikiwa kimelowa, kwani rangi ya jiwe lililolowa ndiyo iliyo karibu na rangi yake likishang'arishwa.

Ukingo umeota weupe

Sugua kwa brashi kavu. Weupe ukitoka kama unga, ni chumvi. Unaweza kuwa umetoka kwenye saruji iliyo nyuma ya jiwe, ukasukumwa nje na maji yanayopita humo, hasa ngazi za nje na vizingiti baada ya mvua za Machi hadi Mei. Ukiufuta utarudi mpaka uzibe njia ya maji: grauti (kijazo cha mishono) iliyopasuka, mshono wazi wa juu, bomba linalovuja. Kwenye ukingo wa sinki unaweza kuwa wa maji yenyewe. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru, yaleyale yanayojulikana kwa floridi, yana alkali ya sodiamu, na kila tone linalokauka linaacha utando wake. Huo unatoka kwa maji safi na kitambaa, na dawa ya kudumu ni kukausha sinki jioni.

Brashi isipotoa kitu, na ukingo ni wa marumaru, hiyo ni alama ya asidi. Limao, siki, divai, nyanya, na mbaya kuliko zote dawa kali za kusafishia choo au za kuondolea saruji kwenye vigae. Asidi imekula jiwe, imeondoa mng'ao. Dawa ya kuzuia madoa ambayo wengi wanaiamini haizuii hili. Inazuia kimiminika kupenya, haizuii asidi kula uso. Alama nyepesi hutoka kwa unga wa kung'arishia, nzito zinataka kurudi 400. Kwa baa na jiko la loji ambako ndimu zinakatwa kutwa nzima, mweleze mteja mapema: achague granaiti, au akubali marumaru isiyong'arishwa sana, iliyoishia namba 400, ambayo alama zake hazipigi kelele.

Ukingo umekuwa na ukanda mweusi, au madoa ya kutu

Ukanda wa giza unaozunguka kila kigae kama fremu ya picha ni unyevu au mafuta. Kinga sehemu hiyo isipate maji kwa wiki moja au mbili. Ikififia, ni unyevu, tafuta panapovuja. Ikibaki vilevile, ni mafuta ya silikoni, ile gundi ya kuzibia mishono, yaliyopenya jiwe. Silikoni ya kawaida ya dukani, ukiifungua ikanuka siki, inatoa asidi inapokauka, hivyo kwa marumaru ina hatia mara mbili. Omba silikoni isiyo na asidi iliyoandikwa kwamba inafaa kwa mawe ya asili. Mafuta yaliyokwishaingia yanavutwa kwa unga mweupe wa chaki uliochanganywa na asetoni ukawa kama ugali mwepesi, ukapakwa, ukafunikwa nailoni siku nzima, ukarudiwa mara kadhaa.

Kutu ya vidoti upande mmoja tu wa nyumba, waulize kama fundi wa geti au wa grili alikata vyuma karibu. Cheche za chuma hutua kwenye ukingo, na mvua ya kwanza inazigeuza kutu. Kutu inayotoka ndani ya jiwe jeupe, penye punje fulani tu, ni ya madini yenye chuma yaliyomo humo. Kusaga kutafungua punje nyingine mpya. Zuia maji yasiingie, na usimwahidi mtu kwamba haitarudi.

Ngazi: utelezi na pua iliyovunjika

Pua ya kidato, yaani ukingo wake wa mbele, ikivunjika, gonga kidato kilichobaki kwa sarafu. Sauti ikiwa tupu karibu na ukingo, fundi aliweka gundi kwa mafungu, na jiwe lilikuwa linaning'inia juu ya hewa. Kuziba pua hakutoshi. Ng'oa, paka gundi ijae chini yote, rudisha. Jiwe lisitokeze nje ya tofali zaidi ya sentimita 2 au 3.

Utelezi ni shida ya usalama, na hapa nina msimamo: ngazi za nje zising'arishwe ukingoni wala usoni. Granaiti nene inaweza kuchomwa moto ili uso wake uruke na kuwa wa kukwaruza, kwa kuwa kwazi hutanuka haraka ikipata joto. Marumaru haifai kwa njia hiyo, na kigae cha sentimita 1 kitapasuka. Kwa ngazi iliyokwisha jengwa, kata mifereji miwili au mitatu ya kina cha milimita 2 sambamba na pua, sentimita 3 hivi kutoka ukingoni, ukiwa umevunja makali ya kila mfereji.

Mawe yasiyotaka kung'aa

Jiwe la matabaka likiviringwa ukingo linachomoa magamba, kwa sababu umefungua kila tabaka. Liache bapa, lisugue kwa jiwe la kunolea, vunja makali kidogo.

Mawe ya volkano ya huku kwetu, ya Meru na ya Kilimanjaro, mengi yana vitundu vya gesi. Ukingo wake hautakuwa kioo hata ukifika 3000. Vitundu vitajaa tope la pedi na kukauka vikiwa na vidoti vya kijivu. Kama mteja anataka ukingo wa kukaliwa, mfano wa benchi la bustani au ukuta mfupi wa baraza, jaza vitundu vikubwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa jiwe hilohilo, saga hadi 200 au 400, suuza kwa maji ya shinikizo kabla tope halijakauka, na uishie hapo. Ukifika hapo rangi yake ya moshi inatulia vizuri, na mvua ikiipiga haitelezi.